Niliomba Nikiwa Ndani ya Msitu wa Kaya, Sasa Natakiwa Nitoe Ushuhuda wa Kufunguliwa

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 28, Mgiriama, na ninafundisha baiolojia katika shule moja ya upili kwenye Kaunti ya Kilifi. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, nikalelewa na babu mzaa mama, ambaye ni mmoja wa wazee wa kaya yetu, yaani msitu mtakatifu wa mababu zetu. Nimekua nikimwona akitoka alfajiri, kaniki begani na bakora mkononi, kila mvua ilipochelewa, akienda kuungana na wazee wenzake msituni. Sisi watoto hatukuruhusiwa kumfuata, na hatukuthubutu kuuliza. Nilipofika kidato cha tatu niliokoka, na tangu wakati huo nimekuwa mshirika wa kanisa moja la mjini ambako sasa ninaongoza kikundi cha kusifu na kuabudu. Babu hakunipinga. Aliniambia tu nisije nikamsahau Mulungu kwa kelele za kumwita.

Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, na binamu yangu aliyekuwa akimshika mkono amekwenda kutafuta kazi Mombasa. Wakati wa likizo ya Aprili babu alipata habari kwamba kuna watu walioingia kayani usiku wakakata mti wa mbambakofi, akaniomba nimpeleke akahakikishe mwenyewe. Aliwaomba ruhusa wazee wenzake, nami nikafuata masharti: nikajifunga nguo nyeusi, nikaacha simu nyumbani, nikaambiwa nisivunje hata kijiti. Hakukuwa na tambiko lolote siku hiyo. Babu alikipapasa kisiki, akakizunguka kwa mikono yake, akanyamaza kwa muda mrefu.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yake. Mambo haya ninayafundisha darasani, Mshauri. Najua maji yanavyopanda kutoka mizizini hadi kileleni, na najua kuvu na mchwa wanavyoligeuza jani lililoanguka kuwa chakula cha mti uleule uliolidondosha. Lakini nilipoinua macho kuutazama mvule uliokuwa mbele yangu, huku ndege aina ya hondohondo wakiitana juu yake, sikuwa nikifikiria somo. Nilijiona niko mbele ya Mmoja anayenijua. Nilipiga magoti kwenye majani makavu nikaomba kwa jina la Yesu, kama nilivyozoea, nikalia. Sala ile ilikuwa na uzito ambao sijaupata kanisani kwa muda mrefu, hata ninapokuwa nimeshika kipaza sauti na watu wanatokwa na machozi mbele yangu. Babu hakuniuliza kitu. Alisubiri nikainuka, akasema twende, jua linapanda.

Nilimsimulia mchumba wangu kwa furaha. Yeye alishtuka, na bila kunishauri alimweleza mchungaji. Mchungaji aliniita, na sitasema alinitukana, la. Alizungumza nami kwa upole. Alisema kwamba mapepo ya kaya huiga sauti ya Mungu, kwamba kufariki kwa mama mapema huenda kuna uhusiano na madhabahu ya ukoo wetu, na kwamba ni lazima niombewe nifunguliwe, kisha nisimame mbele ya kanisa nitoe ushuhuda jinsi nilivyodanganywa, na nimkane babu na mambo yake kwa kumtaja. Hadi nitakapofanya hivyo nimesimamishwa uongozi wa kikundi, na mafunzo yetu ya ndoa yamesitishwa. Harusi ilipangwa iwe Desemba.

Huku nyuma, babu ameniomba nimshike mkono tena wazee watakapokwenda kuomba mvua kabla ya vuli. Safari hii kutakuwa na tambiko, na koma, yaani mizimu ya mababu, watatajwa. Nikikataa hana mwingine wa kumpeleka. Nikikubali, nitakuwa nimemthibitishia mchungaji kila alichosema.

Je, niliyekutana naye mle msituni ni Mungu, au nilidanganywa? Nitoe ushuhuda huo ili niolewe kwa amani? Na wakati mwingine najiuliza, kama Mungu ninampata vizuri zaidi chini ya mti kuliko kanisani, kwa nini nisiachane na kanisa nikabaki na msitu?

Niliye Njia Panda,
Kilifi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kuirudia habari yako kwa maneno yangu, uone kama nimekuelewa. Ulimsindikiza mzee asiyeona vizuri kwenda kukagua mti ulioibwa. Ukiwa huko uliguswa, ukamwomba Mungu unayemwamini kwa jina unaloliamini, kisha ukamsimulia mtu unayempenda. Sasa tukio la muda mfupi limekuwa sharti la huduma yako, la ndoa yako, na la uhusiano wako na mtu aliyekulea. Maswali yako umeyafunga pamoja kama kuni za mzigo mmoja, ukitumaini kwamba ukilijibu la kwanza mengine yatajijibu. Sidhani kwamba ndivyo yalivyo. Hata kama ningeweza kukuapia kwamba uliyekutana naye ni Mungu, na hakuna mwanadamu awezaye kukuapia hivyo, bado ungebaki na swali la tambiko, swali la ushuhuda na swali la mchumba wako, na kila moja lingetaka jibu lake.

Kwamba Mungu hujitambulisha kupitia viumbe ni jambo ambalo kanisa lako lenyewe limelisoma tangu mwanzo. Zaburi ya 19 inaanza na mbingu zinazohubiri. Ayubu anawaambia rafiki zake wakawaulize wanyama na ndege, na Mungu anapomjibu Ayubu mwishowe hazungumzii majipu yake hata kidogo. Anazungumza juu ya bahari, theluji, mbuzi wa majabalini na mwewe. Ibrahimu alipanda mti huko Beer-sheba akaliitia hapo jina la Bwana. Yakobo aliyelala nje, jiwe likiwa mto wake, aliamka akasema, "Kweli Bwana yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Yesu mwenyewe aliondoka kabla ya mapambazuko akaenda mahali pasipokuwa na watu akaomba huko. Nao jirani zetu Waislamu, ambao hapa Pwani tunaishi nao ukuta kwa ukuta, wanasoma katika Kurani kwamba katika kuumbwa kwa mbingu na ardhi na kupishana kwa usiku na mchana mna ishara kwa wenye akili. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kupiga magoti chini ya mti na kumwomba Muumba wa mti huo ni upagani kwa sababu tu ulikuwa chini ya mti, una haki ya kumwomba akueleze afanyeje na aya hizi.

Hata hivyo, sitaki umdhanie mchungaji wako kwamba amezua hofu yake. Kumbukumbu la Torati sura ya 12 inawaamuru Waisraeli kubomoa mahali pa ibada palipokuwa juu ya vilima na chini ya kila mti wenye majani mabichi. Katika sura ya kwanza ya Warumi, mtume Paulo anasema kwamba mambo ya Mungu yasiyoonekana yanafahamika kwa kazi zake, na mistari michache baadaye anawalaumu watu walioabudu kiumbe wakamwacha Muumba. Wewe umeshika nusu ya kwanza ya sura hiyo, mchungaji ameshika ya pili. Tena huenda amewaombea watu wengi waliokwisha kufilisiwa na waganga, akajifunza kuogopa kila kitu kinachofanana na uganga. Hofu ya namna hiyo inastahili kusikilizwa, ingawa haitoshi kumpa mtu uwezo wa kujua kilichokuwa moyoni mwako siku ile.

Ningependa tuutazame upya ushahidi unaouegemea, yaani hisia yenyewe. Unaandika kana kwamba uzito wa sala ndiyo muhuri wake, kwamba kwa kuwa ulilia msituni na kanisani umekauka, basi Mungu yuko zaidi huku kuliko kule. Lakini umeniambia pia kwamba unafundisha, unaongoza kikundi, unajiandaa kwa ndoa, na unamwangalia mzee. Kanisani umekuwa mtu wa kuwahudumia wengine wapate kulia. Msituni hapakuwa na mtu aliyekutazama, simu ilikuwa nyumbani, na ulikuwa karibu na mtu aliyekuwa kama mama na baba kwako. Je, huenda sehemu ya kilichokupata ni mapumziko uliyokuwa umeyakosa, na huzuni ya mama ambayo hujapata pa kuilia? Nikisema hivyo simtoi Mungu katika habari hii. Msome Eliya katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Alikuwa amechoka hata akaomba afe, na kitu cha kwanza alichopewa ni usingizi na mkate. Baadaye, mlimani Horebu, ulipita upepo, likaja tetemeko, ukaja moto, na tunaambiwa kwamba Bwana hakuwamo katika vyote hivyo. Ndipo ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Ninaloomba ulione ni kwamba sauti ile haikumwacha Eliya pale pale akistarehe. Ilimuuliza, "Unafanya nini hapa?" kisha ikamrudisha kwa watu akiwa na kazi ya kufanya. Ningekuwa wewe, badala ya kujiuliza nilihisi nini, ningejiuliza tangu siku ile nimekuwa mtu wa namna gani. Je, umezidi kuwa mvumilivu kwa wanafunzi wako? Unasali zaidi au unaitamani tu ile hali irudi? Majibu ya maswali hayo huja polepole, na ndiyo maana mtu anayekutaka utoe hukumu ifikapo Jumapili, awe ni mchungaji au ni mimi, anakuharakisha.

Kuna jambo jingine ambalo barua yako imelipita upesi. Ulimtambua Mungu katika kivuli cha mvule. Je, katika ukame? Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikataa msimu baada ya msimu, na wewe ni mtu wa Kilifi, huhitaji kuambiwa mizoga ya ng'ombe ilivyotapakaa Ganze na Magarini. Maumbile yaleyale yanayokupa hondohondo yana njaa na nyoka ndani yake. Mtu anayemtafuta Mungu katika uzuri wa viumbe peke yake huweza kumpoteza siku uzuri unapokatika, na hapo ndipo anapohitaji neno, kumbukumbu ya waliotangulia na watu wa kumshika mkono. Ninalisema hili kwa sababu ya swali lako la mwisho, la kuliacha kanisa na kubaki na msitu. Njia hiyo iko wazi kwako na sitakuzuia, lakini ifikirie hatari yake: utakuwa peke yako na hisia zako, bila mtu wa kukuuliza. Katika kaunti yetu hii, mwaka 2023, watu walimfuata mhubiri hadi msitu wa Shakahola wakiambiwa wafunge hadi wakutane na Yesu, na zaidi ya miili 400 ikafukuliwa. Siitaji Shakahola ili kukufananisha wewe au mchungaji wako na watu wale, hasha. Nataka tukubaliane kwamba jina la Yesu likitajwa halimfanyi msemaji kuwa mkweli, na utulivu wa msitu haumfanyi aliyemo kuwa salama. Kila upande unahitaji kupimwa, na kupima kunataka watu zaidi ya mmoja.

Sasa nifike kwenye ushuhuda, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko zote, na sidhani kwamba wewe umeiona. Unatakiwa usimame hadharani umtaje babu yako kwa jina, useme kwamba mambo yake yalikufunga, na huku kuna minong'ono kwamba kifo cha mama yako kina uhusiano na madhabahu ya ukoo. Unaijua Kilifi. Unajua kwamba wazee wenye mvi wameuawa katika vijiji vyetu kwa kushukiwa uchawi, mara nyingi na watu wa familia zao, na mara nyingi nyuma ya shutuma kuna shamba linalotamaniwa. Unajua kwamba huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia makwao kwa sababu hiyo. Maneno yatakayotamkwa kanisani kwa nia ya kumfungua mtu hayabaki kanisani. Yatafika kijijini yakiwa yamepunguzwa huku na kuongezwa kule, na atakayeyasikia anaweza asiwe mtu wa kuomba. Sidai kwamba mchungaji anakusudia hivyo. Yawezekana hajaliwaza kabisa, na ningeshauri umweleze jambo hili waziwazi, kama mtoto anayemlinda mzazi, kabla hamjabishana juu ya mapepo. Ukiona kwamba bado analisisitiza jina la babu litajwe, hilo nalo litakuwa limekufundisha kitu.

Yapo pia madhara kwako mwenyewe. Ukikiri hadharani jambo usiloliamini ili ndoa iendelee, utaanza maisha ya ndoa ukiwa umeficha kitu, na kila sala utakayoiomba baadaye itakuwa na shaka ndani yake. Kwa upande mwingine, ukikataa kwa hasira, unaweza kupoteza kanisa lililokulea kiroho, na pengine harusi. Kati ya mawili hayo naona nafasi, ingawa ni nyembamba. Unaweza kukubali kuombewa, kwa kuwa kuombewa hakumdhuru mtu, na ukaomba maombezi yafanyike faragha. Unaweza kumwambia mchungaji, kwa heshima, kile unachokijua na kile usichokijua: kwamba uliomba kwa jina la Yesu, kwamba hukutambika, na kwamba huwezi kuliita tukio lile uongo wala kulitangaza kuwa ufunuo. Unaweza kuomba mzee wa kanisa au mama mmoja unayemwamini awepo katika mazungumzo hayo. Sijui kama atakubali. Lakini utakuwa umesema kweli, na utakuwa umempa yeye nafasi ya kuwa mchungaji.

Kuhusu ombi la babu, nina shaka kidogo kama umemuuliza anachotaka. Unaandika kana kwamba anakualika kwenye ibada yake, ilhali alichotamka ni mkono wa kushika. Mzee aliyekuruhusu uokoke, akakusubiri ukasali kwa jina asilolitumia yeye, huenda akaelewa vizuri kuliko unavyotarajia ukimwambia: babu, nitakufikisha mwanzo wa njia ya kaya, kisha mmoja wa wenzako akupokee, kwa sababu koma wakitajwa mimi siwezi kuwepo. Wazee wa kaya nao wana mipaka yao ya nani aingie wapi na lini. Watu waliolinda mipaka maisha yao yote hawashangazwi na mtu mwenye mpaka wake. Inawezekana pia ukaamua kwenda naye hadi ndani ukasimama kando kimya, kama Naamani aliyemwomba nabii Elisha ruhusa ya kumsindikiza bwana wake katika hekalu asiloliamini, naye akaambiwa aende kwa amani. Wapo Wakristo watakaokuambia kwamba mfano huo haukuhusu, na hoja zao si nyepesi. Na ukiona dhamiri yako inakataa kila hatua, mtafutie kijana mwingine wa kumpeleka mapema, asije akaachwa siku yenyewe.

Kabla hujazungumza na yeyote, ningependa ukumbuke kilichokupeleka msituni mwezi wa Aprili. Kulikuwa na mti uliokatwa. Kaya zetu zimebaki na miti ambayo kwingine Pwani imekwisha kwa sababu wazee kama babu yako walikataza shoka, hata serikali ikaanza kuzitangaza kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na kaya kadhaa, Kaya Giriama ikiwa mojawapo, zikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kitabu cha Mwanzo kinasema mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, na sioni amri hiyo inavyohitaji tambiko wala inavyokatazwa na wokovu wako. Huenda wewe, mwalimu wa baiolojia uliyeokoka, ukamfaa babu katika kazi hiyo kwa namna ambayo mchungaji wako pia angeweza kuibariki: kuwapeleka wanafunzi wakajifunze majina ya miti, kufuatilia habari ya waliokata mbambakofi kwa wahusika, kupanda miche pembezoni mwa msitu. Hapo ungemtumikia Mungu uliyemhisi bila kwanza kumaliza ubishi wa nani alikuwa mle.

Na mchumba wako. Umesema alimweleza mchungaji bila kukushauri, ukaendelea mbele kana kwamba ni jambo dogo. Labda aliogopa kwa ajili yako, na hofu humfanya mtu akimbilie msaada kabla ya kufikiri. Labda pia anaamini kwamba mambo ya rohoni ya mke wake yatakuwa yakipelekwa kwa mchungaji kila yatakapomtisha. Hizo ni ndoa mbili tofauti, mwanangu, na mafunzo yaliyositishwa yamekupa muda wa kujua unaingia katika ipi. Muulize mkiwa wawili tu, na usianze na habari za kaya. Anza na kwa nini hakurudi kwako kwanza. Kisha niandikie alichojibu.